Siku ya 812 ya Mzee Ogola

Kwa miaka thelathini na mmoja Ogola alisoma mita za maji mjini Kisumu, na kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: kovu la meno ya mbwa nyuma ya mguu wa kushoto, na imani kwamba kitu hutazamwa mara moja tu. Msoma mita hufika, hufunua kifuniko, huandika tarakimu, huenda zake. Harudi kuangalia kama mita imependeza.

Alipostaafu, wenzake walimchangia kamera ndogo ya kuingia mfukoni. Pengine walidhani ataipeleka kwenye harusi. Kesho yake asubuhi alisimama nje ya nyumba yake Manyatta, akaipiga picha mita ya jirani, akaandika tarehe. Keshokutwa akapiga nyingine. Tangu hapo hakuna siku iliyopita bila picha, na hakuna siku iliyopata picha mbili. Mkono ukitikisika, umetikisika. Mtu akifumba macho, hiyo ndiyo siku yake. Kila mwisho wa mwezi alizichapisha studio, akazibandika kwenye kaunta buku, kila siku na ukurasa wake, na chini akaandika tarehe, mahali, na maneno yasiyozidi mstari mmoja.

Mkewe Lorine anauza nguo za watoto Kondele, na ni mtu anayependa kutoka. Jumapili ikiwa nzuri, anataka watu waoge, wavae, chakula kipakiwe, waende mahali. Mume mwenye kamera alionekana mwanzoni kama baraka. Walikwenda Kit Mikayi, kwenye yale majabali yaliyopandana, ambako watu hutoka mbali ili wapigwe picha wakiwa chini yake. Ogola alipiga picha ya ndala moja iliyosahaulika kwenye njia. Huko Bondo kwenye harusi ya mpwa wao, alifika mapema akapiga picha viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kisha akakaa mchana kutwa na kamera mfukoni huku upande wa bwana harusi ukimtafuta. Sikukuu ya Idi walialikwa kwa jirani yao Sabir. Pale alipiga sufuria la pilau likiwa bado limefunikwa.

"Si ungengoja wafunue?" Lorine alimuuliza.

"Likifunuliwa linakuwa pilau," Ogola alisema. "Pilau kila mtu ameiona."

Lorine aliwahi kukaa na vile vitabu siku moja ya mvua, akahesabu. Alipata punda saba. Yeye mwenyewe hakuwemo. "Nimeolewa miaka thelathini na sita," aliwaambia wateja wake, "na punda wamenipita."

Mambo yangeendelea hivyo, watu wakilalamika na Ogola akibandika, kama Winny asingepata kazi. Winny ni binti yao wa mwisho, muuguzi. Alikuwa amepata nafasi Ayalandi katika nyumba ya kutunzia wazee, maana yake angevuka bahari kwenda kuwaogesha mabibi wa watu wengine, na bibi yake mwenyewe abaki Ahero na goti bovu. Ndege yake ilikuwa Jumatatu mchana. Ijumaa jioni alizipitia kaunta buku zote tano, ukurasa kwa ukurasa, halafu akaenda kusimama mbele ya baba yake na moja mkononi.

"Baba, mimi niko humu mara moja tu. Siku ya mia tatu na nne. Na ni kiwiko."

Ogola aliangalia. "Ni kiwiko kizuri."

"Nataka Jumapili iwe sisi. Wewe, Mama, mimi na Dani wa Ahero. Iwe picha ya siku, iingie kwa kitabu, na nione ukurasa wake kabla sijaenda. Ya simu sitaki. Za simu niko nazo elfu nne."

"Watu wanahangaika mbele ya kamera," alisema Ogola. "Wanarekebisha shingo. Mita haihangaiki."

"Baba."

Aliitazama tena ile picha ya kiwiko. "Basi. Jumapili ni yenu."

Lorine alikuwa akipiga pasi. Aliiweka pasi kando na kumwomba arudie, polepole, mbele ya shahidi.

Kulikuwa na tatizo moja, na kila mtu alilijua, na hakuna aliyelitaja. Dani, yaani bibi, ni Selpha, mama mzazi wa Lorine, mwenye miaka themanini au themanini na nne kutegemea ni karatasi gani unayosoma. Kwa Ogola yeye ni maro, mama mkwe, na kwa Wajaluo wa rika lao mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Humkodolei macho, humpandishii sauti, na akitaka kitu humkatalii. Ogola na Selpha walikuwa wametimiza yote hayo bila dosari kwa miaka thelathini na sita, kiasi kwamba ungemuuliza Ogola mama mkwe wake anafananaje, angekueleza viatu vyake. Sasa alikuwa ameahidi kumpiga picha, jambo ambalo, ukilifikiria, ni kumkodolea mtu macho kwa msaada wa mashine.

Jumapili saa moja na nusu waliondoka kwa gari la Sabir, lile la viti saba. Walikuwa wanakwenda Simbi, ziwa dogo la mviringo karibu na Kendu Bay, na wangempitia Dani njiani. Ogola aliketi mbele. Lorine aliketi nyuma yake kabisa, mahali ambapo angeweza kumfikia.

Kabla ya Ahero, maji ya mafuriko yalikuwa bado yametanda kwenye mashamba ya mpunga. Katikati ya maji hayo ulisimama mlango wa choo. Choo chenyewe kilikuwa kimekwenda, kuta zimekwenda, bati limekwenda. Ulibaki mlango na fremu yake, wima, umefungwa kwa kufuli.

"Sabir, simama," Ogola alisema.

"Sabir, endelea," Lorine alisema.

Sabir alipunguza mwendo, jambo lisilomridhisha yeyote.

"Mama Winny, angalia tu. Kufuli! Mwenyewe amefunga akaenda na funguo!"

"Nimeona. Ni kufuli. Ukibonyeza hicho kitu, utarudi Manyatta kwa miguu."

"Siku mia nane na kumi na moja sijawahi kuona mlango kama huo."

"Na mimi mia nane na kumi na moja sijawahi kujiona."

"Mzee," Sabir alisema kwa upole, macho barabarani, "wewe sema tu kama tunaendelea ama tunasimama, kwa sababu hii lori nyuma yetu haijui habari ya picha."

Waliendelea. Ogola aligeuka akautazama mlango hadi ukapotea. Kamera ilikuwa mkononi mwake, imewashwa. Winny aliiona.

Dani alikuwa akingoja mbele ya nyumba yake na kikapu, mkongojo na kigoda cha plastiki, kwa sababu haamini viti vya mahali pengine. Ogola alishuka akaenda kusimama upande wa pili wa gari mpaka alipokwisha kupandishwa na kuwekwa kiti cha mwisho. Walisalimiana kupitia bati la gari, kila mmoja akiongea na hewa. Sabir alizaliwa Kisumu na hakuhitaji kuelezwa. Alikiinua kioo cha ndani kikatazama dari, ili macho ya hao wawili yasikutane humo kwa bahati mbaya, akaendesha zaidi ya kilomita arobaini akitegemea vioo vya pembeni na Mwenyezi Mungu.

Simbi kulikuwa na jua na flamingo. Flamingo walikuwa wengi mno, wa waridi ukingo mzima, wamesimama kwa mguu mmoja mmoja kama foleni ya ofisi ya serikali. Ogola aliwaangalia akaangalia pembeni, kama mtu aliyefunga anavyopita kwa mwuza mandazi. Lorine alitandika leso, akapakua chapati na kuku. Ogola alipewa sahani yake akaenda kuila nyuma ya gari, upande ambao Dani hangemwona akitafuna. Sabir alikwenda kula naye huko.

Walipokwisha kula, Winny alipanga watu. Kigoda cha Dani katikati, ziwa nyuma, Lorine kulia, yeye mwenyewe kushoto, na nafasi ya baba yake pembeni, hatua nne mbali, umbali wa adabu. Baba angepiga kwanza, na kama ingewezekana angeingia mwenyewe baadaye. Lakini baadaye haikuwapo, kwa sababu picha ni moja. Hilo Winny alilitambua alipokuwa anaelekeza kwa mkono nafasi ya mtu ambaye asingeweza kuwapo.

Ogola alisimama mbele yao. Aliinua kamera hadi kifuani, akageuza uso kuelekea vilima vya Homa, akaanza kulenga kwa kukisia.

"Baba Winny, unapiga nini?" Lorine aliuliza.

"Nawapiga nyinyi."

"Unaangalia Homa Hills."

"Unataka nimwangalie Mama vipi?"

Wakati huo Dani alikuwa ameshanyanyuka kidogo, akakizungusha kigoda chake na kukaa tena, mgongo kwa kamera, uso kwa flamingo. "Siwezi kuwekwa mbele ya mkwe wangu kama mgonjwa mbele ya daktari," aliwaambia flamingo kwa Dholuo.

"Dani, tafadhali," Winny alisema.

"Mjukuu wangu, nakupenda. Lakini nina haya."

"Basi Sabir apige," alisema Winny. "Sote tuingie, Baba akae kule mwisho. Sabir, unaweza?"

Sabir alifuta mikono kwenye suruali. Ogola aliikumbatia kamera.

"Picha ya siku napiga mimi. Hakuna mtu amewahi kuigusa. Siku mia nane na kumi na moja, Winny! Mkono mmoja! Kama ni mtu yeyote tu anaweza kupiga, basi hiyo ni picha tu."

Hapo Lorine alisimama. Kuna wanawake ambao wakikasirika hupiga kelele, na kuna wanaokunja leso. Lorine alifanya yote mawili kwa pamoja.

"Mtoto anaenda kesho! Kesho, Baba Winny! Nimeamka saa kumi nikapika. Nimeleta mama yangu na goti lake mpaka hapa. Na wewe unaniambia habari ya mkono? Hiki kitabu chako kitakuja uwanja wa ndege kumpungia? Kitampigia simu akiwa mgonjwa huko kwa baridi?"

"Nilisema Jumapili ni yenu. Sikusema mkono ni wenu."

"Sikia huyu, yawa!"

Winny alikuwa amepiga magoti akirudisha sahani kikapuni. Alizipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu. "Wacheni," alisema bila kuinua kichwa. "Baba, piga ndege. Ni wazuri. Mimi nitachukua ile ya kiwiko."

Ogola aliwatazama flamingo, ambao kwa kweli walikuwa wazuri, akainua kamera nusu, akaishusha. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku hizo zote kwamba alionekana hajui la kupiga.

"Lorine," sauti ya Dani ilisema, bado imeelekea majini. "Mwambie mwenye hicho kidude anipe mimi."

"Nini, Mama?"

"Nikiwa nyuma ya kidude sitakuwa mbele yake. Yeye ataangalia chini kama kawaida. Mimi ni mzee, nikiangalia hakuna dhambi. Niletee."

Mkononi Ogola alikuwa na kamera ambayo mtu mwingine hajawahi kuigusa. Mbele yake, mgongo wa mtu ambaye hawezi kumwambia hapana. Alimgeukia mkewe kwa macho ya kuomba msaada. Lorine alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ahero.

"Ama mnakataa?" Dani aliendelea, taratibu kabisa. "Sawa. Hapa tulipo palikuwa kijiji. Watu walikuwa wanakula na kucheza, akaja mama mzee, wakamfukuza. Usiku mvua ikanyesha mpaka kijiji kikawa hili ziwa. Simbi ndilo jina lake huyo mama. Mimi sisemi kitu. Nasema tu tuko ukingoni."

"Haki ya Mungu, mpe, Mzee," Sabir alisema. "Mimi sijui kuogelea."

Ogola alimpa Lorine kamera. Lorine alimpa mama yake. Dani aligeuza kigoda, akaigeuza kamera mara mbili kutafuta mbele iko wapi, akawatawanya kwa mkono. "Rudini nyuma. Lorine, acha kunyonga shingo. Na wewe Sabir, mtoto wa Hassan, ingia."

"Mama, mimi ni dereva tu."

"Umetubeba tangu asubuhi. Ingia."

Basi wakasimama, ziwa nyuma yao: Lorine, Winny katikati, Sabir akiwa amefunga vifungo vya shati, na Ogola mwishoni, mikono imenyooka kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, macho chini kwenye viatu vya mama mkwe wake.

"Mwambie Mama abonyeze kitufe cha juu," alimwambia Lorine.

"Mama, bonyeza kitufe cha juu."

"Mwambie nimesikia," Dani alisema. "Mimi si kiziwi, mimi ni mama mkwe."

"Mwambie asizibe kioo na mkono."

"Mama, usizibe kioo."

"Kioo gani? Kiko wapi kioo?"

"Na mwambie mara moja tu!"

Lakini hilo Lorine hakulipeleka. Alikuwa ameshapanga tabasamu lake, tabasamu la miaka miwili na zaidi, na hakuwa tayari kulivunja kwa sababu ya ujumbe. "Mwambie mwenyewe," alisema kupitia meno.

Kamera ililia *kchk*. Dani aliinua nyusi. Ulikuwa mlio mzuri. Alibonyeza tena. Alibonyeza na kukohoa, alibonyeza akijiweka sawa kwenye kigoda, alibonyeza huku akimwambia Winny acheke. Kila *kchk* ilimpata Ogola kama mtu anayehesabiwa viboko, na hakuweza kusema lolote, maana huwezi kumpigia mama mkwe kelele kando ya ziwa, hasa ziwa lile. Alipotosheka, Dani aliishusha kamera mapajani.

"Sasa hiyo," alisema, "ni picha."

Zilikuwa ishirini na tatu.

Garini, Ogola alizipitia uso umekunjamana. Ya kwanza ilikuwa mbingu. Ya pili, miguu minane. Ya tano ilimwonyesha Sabir peke yake, akionekana mtu mwenye heshima. Katika zote ambazo Ogola alikuwamo, alikuwa anaangalia viatu. Nyuma kabisa Dani alikuwa amesinzia, kichwa dirishani. Winny alinyoosha mkono kutoka kiti cha kati, akaichukua kamera kabla baba yake hajamkatalia, akabonyeza mbele na nyuma, akakomea kwenye moja.

"Hii."

Ogola aliangalia. Wote wanne walikuwa wametoka vizuri: Lorine anatabasamu, Winny anacheka kweli, meno na yote. Lakini upande wa kushoto, kuanzia juu mpaka karibu nusu ya picha, ulikuwa umefunikwa na kitu cha kahawia, kikubwa, chenye ukungu, kama mlima ulioingia bila kualikwa.

"Hiyo imeharibika. Hicho ni kidole. Angalia ya kumi na tisa, haina kidole."

"Ya kumi na tisa haina Dani," alisema Winny.

Ogola aliirudia ya kumi na tisa, kisha ile ya kidole, kutoka hapo mpaka Katito. Lorine, aliyemjua, hakumharakisha. Walipokwisha kumwacha Dani Ahero na kuukaribia ule mlango uliofungwa kufuli, upande ule mwingine wa barabara sasa, hakuinua kichwa. Alikuwa anafuta picha moja moja, kila moja akiulizwa na kamera kama ana hakika, na kila moja akijibu ndiyo. Alifuta ishirini na mbili.

Jumatatu alikuwa mlangoni pa studio kabla haijafunguliwa. Nje, garini kwa Sabir, Winny alikuwa amepakata kaunta buku, ukurasa umefunguliwa, gundi mkononi, sanduku lake limefungwa kamba nyuma.

Khadijah wa studio alishangaa. "Mzee, leo si mwisho wa mwezi."

"Moja tu. Haraka."

Aliifungua kwenye kompyuta yake, akaikuza, akaguna. "Hii nzuri! Uko na watu leo! Lakini hiki kidole kimeiharibu kabisa. Ngoja nikikate, dakika mbili, hutajua kama kilikuwapo."

"Usikiguse," alisema Ogola, akirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kaunta na kuinamisha macho. "Huyo ni mama mkwe wangu."